Kupanga chumba kupitia ofisi ya mtaa hapa Mbeya, miezi 28 nikiwa mteja: nyota nne kati ya tano

Habari zenu wapangaji wenzangu, na wenye nyumba pia kama mpo humu. Watu wanaandika rivyu za simu, za hoteli, za mabasi ya kwenda Dar, mimi leo naandika rivyu ya utaratibu wa kupanga chumba uliopo mtaani kwetu hapa Mbeya mjini, utaratibu ambao umenipa chumba, umenipa mkataba, na sasa hivi kuna watu wanataka ufutwe. Jina la mtaa sitaji maana sitaki mtu yeyote aje asumbuliwe kwa ajili yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Mwanjelwa, nina watoto wawili wanasoma shule ya msingi, na kodi ya nyumba nimeijua vizuri maana nimepanga tangu 2014.

Naanza na huduma niliyokuwa naipata kabla, msipoijua hiyo hamtaelewa kwanini natoa nyota nne kwa ofisi yenye meza moja na benchi.

Mwaka 2022 mwezi wa sita nilikuwa natafuta chumba karibu na kazini ili niache kupanda bajaji asubuhi na jioni. Nikaenda kwa dalali kama kila mtu. Wa kwanza akachukua elfu kumi ya kunitembeza akanipeleka kwenye chumba ambacho tayari kina mtu, nguo zinaning'inia kwenye kamba humo ndani, akasema aah huyu anahama keshokutwa. Hakuhama. Wa pili elfu kumi nyingine, chumba kipo ila mwenye nyumba hataki watoto. Wa tatu elfu kumi tena na hapo ndio nikapata, chumba single cha elfu 40 kwa mwezi, choo cha kushea, bati bila silingi bodi, ila kodi ni miezi sita kwa mkupuo na dalali mwezi mmoja wake. Piga hesabu na mimi: 240,000 ya mwenye nyumba, 40,000 ya dalali, 30,000 za kutembezwa, jumla 310,000 kabla sijanunua hata kufuli. Kwenye karatasi inaandikwa chumba cha elfu 40 na mtu akisikia anasema mbona bei rahisi, ila mimi sijawahi kuishika laki tatu kwa wakati mmoja mkononi mwangu ikiwa haina mwenyewe.

Kazi yetu hela yake inakuja kidogo kidogo. Wiki nzuri nikitoa kodi ya kibaraza na uzi na vifungo nabaki na elfu 50, wiki mbaya elfu 15. Desemba kuna nguo za sikukuu, Januari kuna sare za shule, alafu Februari mpaka Aprili panakufa kabisa maana wateja wangu wengi wanategemea shamba na shambani bado kumesimama mahindi, mpaka watu wauze mpunga wa Mbarali na viazi ndio wanakumbuka kushona. Sasa mtu wa hivo unamwambia alete miezi sita? Nilienda kukopa. Ile mikopo tunayoiita kausha damu, nikachukua 200,000 marejesho elfu nne na mia tano kila siku kwa siku 60, yani nimerudisha 270,000. Kuna siku watoto wamekula makande asubuhi na jioni ili rejesho lipatikane. Kwahiyo ile elfu 40 haikuwa elfu 40, na hapa ndipo huwa nakasirika nikisikia mtu anasema Mbeya vyumba ni rahisi, rahisi kwa nani?

Miezi sita ikaisha Januari 2023, mwenye nyumba akaja akasema kodi sasa ni 55,000 na anataka sita tena, 330,000, wiki mbili. Hakukuwa na mkataba wowote wa kuandika, risiti hakuna, ni maneno tu. Alikuwa ameona wanafunzi wa vyuo wanalipa muhula mzima kwa pamoja na kwakweli hilo naelewa, mwenye nyumba akiona mtu analipa yote mara moja atamchukua yeye, ila mimi siku ya kumi na tano narudi kutoka kazini nakuta kufuli jipya mlangoni na vitu vyangu viko nje chini ya bati la jikoni na mvua ya Januari ya Mbeya mnaijua. Cherehani ililowa. Kuna gauni la harusi la mteja liliharibika nikalilipa. Watoto walikuwa wamekaa kwenye ndoo wananisubiri. Nikaenda kwa dada yangu Uyole, tukakaa watu saba vyumba viwili, miezi miwili.

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo, ndie aliyeniambia, mama njoo mtaani kwetu, kule mtu haulizwi miezi sita. Sikuamini. Nikaenda Machi 2023 nikiwa na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka mtaa wa dada. Mtendaji wa mtaa akafungua daftari, daftari la kawaida tu la kaunta buku, limeandikwa vyumba vilivyo wazi, bei yake, maji yapo au hayapo, choo cha ndani au cha kushea, kama mwenye nyumba anaishi hapohapo. Nikachagua vitatu, mjumbe akanipeleka kwa miguu, bure, hakuna hela ya kutembezwa. Siku ya tatu nilikuwa nimehamia.

Niwaeleze utaratibu wenyewe ulivyo maana watu wengi wananiuliza. Mwishoni mwa 2022 kesi za kodi zilikuwa zinajaa pale ofisini kila wiki, huyu kafungiwa mlango, yule kakimbia na deni, basi kwenye mkutano wa mtaa wakakubaliana wote, wenye nyumba na wapangaji, kwamba kodi isidaiwe zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo na anayetaka kulipa mwezi mwezi asikataliwe kwa sababu hiyo. Kodi haipandi ndani ya mwaka. Ukitaka mtu ahame unampa notisi ya maandishi miezi miwili na kopi inaenda ofisini. Mkataba ni ukurasa mmoja, kopi tatu, wewe moja, mwenye nyumba moja, ofisi moja, unachojilipia ni fotokopi tu. Na dalali kama yupo analipwa mara moja mtu akishahamia, sio kabla. Basi, ni hayo. Hakuna mahali wamesema chumba kiwe shilingi ngapi na mimi naona hapo walitumia akili, nitarudi kwenye hilo.

Chumba changu chenyewe ni elfu 40, bei ileile ya kule nilikofukuzwa. Simenti chini, bati juu, Juni na Julai baridi inashuka kutoka Loleza inaingia moja kwa moja kama hakuna ukuta, maji ni bomba la uani siku tatu kwa wiki. Sio chumba kizuri. Ila ni mwezi wa 28 nakaa humo na sijakopa kausha damu hata mara moja kwa ajili ya kodi, na watoto hawajabadilisha shule. Bei ni ileile jamani! Kilichobadilika ni masharti tu.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe hawakijui. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, ilianza 2021 elfu moja kwa mwezi, tangu Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka. Hii ni kodi ya mwenye jengo ila anayenunua umeme ni mpangaji. Kwenye nyumba yenye wapangaji sita na mita moja ya kushea, anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndie anayekatwa, kwahiyo kule nilikokuwa zamani tarehe moja tunakaa gizani kila mtu anamsubiri mwenzie. Nimeshuhudia wamama wakigombana mpaka kushikana kwa sababu ya 1,500. Kwenye mkataba wa mtaa wetu kuna mstari mmoja, aliyekatwa anaonyesha meseji ya manunuzi na mwenye nyumba anampunguzia kwenye kodi ya mwezi huo. Mstari mmoja tu na ugomvi umeisha. Hapo nawapa nyota zote.

Sasa msidhani ni utaratibu wa kumpendelea mpangaji peke yake. Mwenye nyumba wangu ni bibi, mjane, vyumba vitano alivyoachiwa na marehemu mumewe ndio shamba lake na ndio dawa zake za presha. Siku moja nimempelekea kodi nikamuuliza, bibi hivi haya mambo ya mwezi mwezi hayakuumizi? Akaniambia mwanangu, zamani nilikuwa nachukua sita, zinaisha kwa mwezi mmoja kwenye matatizo ya ukoo, miezi mitano iliyobaki nakaa sina hata ya chumvi na mpangaji nashindwa kumwomba, sasa hivi kila tarehe tano napata kidogo kidogo mpaka laki mbili inatimia, nakula vizuri. Alafu akasema ndaga mwanangu, yani asante kwa Kinyakyusa, akaniandikia risiti yangu kwa mkono unaotetemeka. Na mwaka jana kuna kijana alitoroka na deni la miezi miwili, kwa kuwa kopi ya kitambulisho chake na namba ya mtu wake wa karibu vipo ofisini, alipatikana Mbalizi na akalipa kwa awamu. Bila daftari bibi angempata wapi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu zifuatazo na naziandika kwa nia njema. Ofisi haina saa maalumu, unaweza kwenda mara tatu hujamkuta mtu, na sisi tukifunga kazi kwenda ofisini ni hela inapotea. Mkataba haujasema chochote kuhusu matengenezo, choo chetu kiliziba mwaka jana wiki tatu tunabishana nani alipe, mwisho tukachanga wapangaji wote elfu tano tano. Daftari lenyewe ni moja, halina nakala, likilowa au likipotea ndio basi. Kuna wenye nyumba wawili watatu wanaandika mikataba miwili, wa ofisini unasema miezi mitatu na wa chumbani miezi sita, mpangaji anakubali kwa sababu ana shida, na ofisi inajua ila haina cha kuwafanya. Na kubwa kuliko yote, haya yote ni makubaliano tu. Sio sheria. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mwenye uwezo huo ni halmashauri, kwahiyo mtu akigoma hakuna adhabu.

Na hapo ndipo tulipo leo. Tulifanya uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 27, 2024, viongozi wakabadilika, na viongozi wapya hawakuwepo wakati yale makubaliano yanafanyika. Madalali wameshawafuata. Wenye nyumba kadhaa nao wanasema huu mtaa umebaki nyuma, mitaa mingine watu wanachukua mwaka mzima, mbona sisi tunabanwa na kitu ambacho hakipo kwenye sheria. Ukweli wana hoja, hakipo. Wengine hofu yao ni mkataba wa maandishi wenyewe, wanaona ukishaandikwa utawafungulia mlango wa kodi ya zuio, ile asilimia 10 ya pango inayokatwa kwenda serikalini, kwahiyo wanataka turudi kwenye maneno matupu. Mimi naona hilo ni jambo la kuzungumza na watu wa mapato wakae na wenye nyumba wadogo kama bibi yangu wawaeleweshe, lisitumike kumnyima mpangaji karatasi yake.

Watu wengi wa rika langu hawajui kwamba nchi hii ilishawahi kuwa na sheria ya kumlinda mpangaji. Kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984, mwenye nyumba alikuwa hapandishi kodi anavyotaka wala hamtoi mtu bila kupitia baraza. Ikafutwa 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaachiwa wakubaliane wenyewe, ila makubaliano ya mtu mwenye funguo na mtu mwenye watoto wamekaa kwenye ndoo ni makubaliano gani? Ukidhulumiwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ni kweli lipo, ila tangu 2021 unaanzia kwanza Baraza la Kata wajaribu kuwapatanisha, na hilo la kata halina tena uwezo wa kuamua, linasuluhisha tu, mkishindwana ndio uende wilayani. Mimi siku ile nimefungiwa mlango nilikuwa nahitaji pa kulala usiku uleule.

Alafu angalieni mji unavyojaa. Sensa ya 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279, ya 2022 ni 541,603. Zaidi ya watu laki moja na nusu wameongezeka ndani ya miaka kumi na wengi wao hawajaja na nyumba mgongoni, wamepanga. Barabara kuu inapanuliwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, ni maendeleo na tunayahitaji maana foleni ya Mafiati imetuchosha, ila waliokuwa pembeni ya barabara wanaingia ndani mitaani kutafuta vyumba, na wanafunzi wanazidi kila mwaka. Vyumba vya elfu 30 na 40 vinawekewa tailizi na jipsamu vinakuwa vya elfu 80. Sisi tunasogea, kutoka Soweto kwenda Ilomba, kutoka Ilomba kwenda Isyesye, mwisho tutakuwa tunashona Mwanjelwa na kulala Inyala.

Nilisema nitarudi kwenye bei. Kuna watu wanasema basi serikali ipange bei ya chumba. Mimi siafiki, na nina sababu. Kenya wenzetu bado wana sheria ya kudhibiti kodi, ila inahusu nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi, kiwango kimebaki hapohapo miaka na miaka huku bei za mtaani zikipanda, sasa niambieni ni nyumba ngapi za Nairobi zimebaki chini ya hapo. Ukiandika bei kwenye sheria, bei inachakaa. Ila ukiandika kwamba kodi hailipwi zaidi ya miezi mitatu kwa mkupuo, kwamba lazima kuwe na mkataba na risiti, kwamba mtu hafungiwi mlango bila notisi, hayo hayachakai, yatafanya kazi chumba kikiwa elfu 40 na yatafanya kazi kikiwa laki. Alafu na bibi yangu naye akitaka kupandisha baada ya mwaka kwa sababu simenti imepanda, apandishe, tutazungumza.

Kwahiyo ninachoomba, na naomba kweli wala sio kwa kusukumwa na mtu, ni kwamba makubaliano ya mtaa wetu yasifutwe, yaende juu. Diwani ayachukue ayapeleke kwenye baraza la madiwani yawe sheria ndogo ya jiji zima. Njia ipo, halmashauri za miji zina uwezo huo tangu sheria ya 1982, rasimu inatangazwa wananchi watoe maoni, madiwani wanapitisha, waziri anaridhia, inatangazwa kwenye gazeti la serikali. Ni safari ndefu, naijua. Ila wakati inaenda sisi tunaomba daftari lisifungwe.

Kwa wanaotaka kupanga mtaani kwetu kwa sasa, huduma bado inaendelea. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne ndio mtamkuta mtendaji, beba kitambulisho na barua ya mtaa unaotoka, usimpe mtu yeyote hela ya kutembezwa, na ukipewa mkataba wa pili chumbani usisaini, rudi ofisini useme. Hakikisha kwenye mkataba mnaandika kwa kalamu nani anatengeneza choo, maana hapo ndipo sisi tuliumia.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi uwanja wa shule, na ajenda ya mwisho ni hii ya wapangaji, kwahiyo msiondoke mapema mkidhani yameisha. Mpangaji na wewe ni mkazi, una haki ya kunyoosha mkono. Bibi kasema atakuja japo miguu inamsumbua, kijana wa bajaji jirani yetu atambeba bila nauli. Mimi nafunga cherehani siku hiyo, nakuja na bahasha yangu, risiti 28 zote zimo, ya kwanza ni ya Machi 2023.